Karatasi ya Kujiondoa

Lodwar
16 Februari 1998

Ndugu yangu Ekwam,

Ejok, hujambo? Mama amesema niandike kwanza kuuliza mwili wako uko vipi, ndipo niseme mengine. Sisi tuko. Goti linamsumbua tangu mvua hizi za El Niño zianze, lakini mbuzi wakitawanyika anakimbia kunishinda. Mbuzi wenyewe wengi wametupa mimba. Watu wa mifugo wanasema ni ugonjwa wa mbu. Mto Kawalase ulifurika ukabeba choo cha jirani, na barua yako ya Krismasi imenifikia juzi, imelowa hadi nusu ya maneno sikuyasoma. Mwanangu Akidor ameingia darasa la saba na ananizidi urefu.

Neno lililonikalisha chini ni hili. Mwezi wa Novemba alikuja hapa kwenye duka langu la kuchapa kijana wa Nairobi, tai shingoni na jua lile. Alisema mwanamke mwenye kompyuta yake mwenyewe mjini Lodwar hafai kuchapa kwa programu ya kizamani. Akatoa diski za kitu kinachoitwa Karani Mwepesi, akaziingiza, akanionyesha jinsi inavyopanga jedwali na kuhesabu alama za wanafunzi. Bei? Akasema miezi mitatu ni bure, nikiipenda nitalipa kidogo kila mwezi kwa posta, nao watanitumia namba ya kuifungulia. Nisipoipenda, niseme tu. Nikatia sahihi.

Siipendi. Si mbaya, lakini kulipa kila mwezi kwa kitu kilichomo ndani ya mashine yangu sikuwezi. Nikawaandikia kwamba basi, imetosha. Wamejibu kwamba barua ya kawaida haikubaliki. Lazima nijaze Karatasi ya Kujiondoa, na karatasi hiyo hutolewa na wakala wa wilaya peke yake. Wakala ni nani, yuko wapi, hawakusema.

Wewe unafundisha kompyuta huko kambini kwa wakimbizi na unajuana na watu wengi. Niulizie wakala wa Turkana ni nani.

Dada yako,
Nakeno


Kakuma
29 Machi 1998

Kwa Dada mpendwa Nakeno,

Nimeipokea barua yako kwa furaha isiyo kifani. Mwili wangu ni mzima, mwambie Mama asiwe na wasiwasi. Huku Kakuma mvua ilivunja nyumba nyingi za udongo kambini, na barabara ilikatika pale Kalobeyei ikawa malori yanalala ng'ambo siku nyingi. Kituo chetu cha mafunzo kinaendelea vizuri. Wanafunzi ni wengi, kompyuta ni chache, wanakaa watatu watatu kwenye kiti kimoja.

Dada, kuhusu ile programu, nakushauri usiharakishe. Karani Mwepesi ni programu nzuri sana na watu wa Nairobi wanaisifu. Mtu anayeanza jambo jipya huona uzito mwanzoni. Ina sehemu ya kuandika bahasha ambayo pengine hujaijaribu. Jipe muda.

Nimewatumia sukari na kitambaa cha Mama kwa gari la misheni. Pia nimepata pikipiki, nyekundu, inanisaidia katika shughuli. Nikija nitambeba Mama.

Ndugu yako akupendaye,
Ekwam


Lodwar
11 Julai 1998

Ekwam,

Sukari imefika, kitambaa kimefika. Mama amekivaa kanisani Jumapili tatu mfululizo. Anasema hapandi pikipiki.

Nimechelewa kukujibu, utaona kwa nini.

Wewe hukuniambia wakala ni nani, kwa hiyo nilienda posta mwenyewe nikawapigia simu Nairobi. Akapokea mwanamke mwenye sauti nzuri. Nikamwambia nataka kujiondoa.

"Pole sana mama. Programu ina shida gani?"

"Haina shida. Siitaki."

"Subiri nikuunganishe na anayehusika."

Nikasikilizishwa muziki huku nikitumbukiza sarafu. Akaja mwanamume. Nikaanza upya.

"Mama, tukikupa mwezi mmoja bure, si utafurahi?"

"Mtu akipewa kitu bure hufurahi, lakini mimi..."

"Kwa hiyo ni ndiyo?"

"Kufurahi ndiyo, lakini nataka..."

"Asante mama, nimeandika ndiyo."

Sarafu zikaisha. Baada ya wiki mbili ikaja barua ya kunishukuru kwa kukubali kuendelea nao mwaka mzima. Nilisimama pale posta nikaisoma mara mbili, watu wakipita. Nikacheka, halafu nikakasirika, na hasira hiyo sijaimaliza.

Nikaacha kuwalipa. Nilisema moyoni, watanifanya nini? Sasa sikia. Ofisi ya elimu ilinipa kuchapa mtihani wa majaribio wa darasa la nane wa tarafa nzima. Nilimaliza masomo yote. Jumamosi kabla ya mtihani nawasha mashine nianze kutoa kopi, natokewa na mchoro wa mtu mwenye tai anafunga droo kwa kufuli. Chini yake: Tafadhali ingiza namba ya mwezi huu. Si programu tu iliyofungwa, Ekwam. Hata kazi niliyoichapa kwa vidole vyangu imefungwa humo. Nilijaribu kila kitu ulichowahi kunifundisha. Haikufunguka.

Nikamwendea mwalimu mkuu Epuyo. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alivua koti, akaanza kunisomea maswali kutoka kwenye karatasi za walimu, nami nikayachapa yote upya kwa taipureta ya zamani kwenye stensili. Jumamosi ile na Jumapili nzima. Mama alituletea chai na kutuuliza kama kompyuta imekufa. Shule za karibu zilipata mtihani Jumatatu mchana. Zile za upande wa ziwa, hadi kule Nariokotome, zilifanya mtihani ule wiki moja baadaye, na watoto walikuwa wameshapashana maswali. Ofisi ya elimu imesema kazi ya muhula ujao itampa mtu mwingine. Siwalaumu.

Nauliza tena: wakala ni nani?

Nakeno


Kakuma
20 Septemba 1998

Kwa Dada Nakeno,

Nisamehe kwa kuchelewa, malaria ilinilaza. Sasa nimepona, nimekonda tu. Huku jua limerudi na vumbi lake. Watu wa Lopur wamehamisha mifugo kuelekea mlimani.

Nimesikitika sana kwa habari za mtihani. Hilo halikupaswa kukupata wewe. Nimewatumia mabati ya paa la Mama, dereva anaitwa Lual, atayafikisha nyumbani. Na malipo yako ya kila mwezi nitayabeba mimi mpaka mkataba wako uishe mwezi wa Aprili. Namba utaletewa. Tafadhali usiwapigie tena simu wale watu, wala usiwaandikie. Kila ukiongea nao wanapata neno la kukufungia.

Habari ya wakala nitaitafuta. Kazi ni nyingi.

Ndugu yako,
Ekwam


Lodwar
5 Novemba 1998

Ekwam,

Mabati yamefika na yameezekwa. Namba uliyoahidi haijafika. Mama anasema nyumba ina joto kuliko ya makuti ya mkoma lakini anawaonyesha wageni wote. Akidor amepata homa na amepona.

Wiki iliyopita alikuja dukani mama mmoja wa Sudan kutoka kambini, jina lake Adut. Alimleta mwanawe hospitali hapa kwa ruhusa ya kambi, mkono umevunjika. Mtoto alipofungwa plasta, yeye akaanza kuuliza watu mjini ofisi ya Karani Mwepesi iko wapi. Karani wa posta akamwelekeza kwangu, maana mjini kila mtu anajua kompyuta yangu imefungwa na nani.

Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini nilimwelewa vizuri.

"Mimi nataka karatasi yangu tu," alisema. "Masomo, basi. Cheti yangu ya shule ya Bor, nilitembea na hiyo porini, mvua ikinyesha naweka ndani ya nguo. Kampuni alichukua, alisema anaangalia, atarudisha. Sasa anasema malizia masomo kwanza. Masomo haiishi."

Akanieleza. Ni masomo ya kompyuta kwa posta, ya kampuni hiyo hiyo. Kitabu cha kwanza bure, vingine unalipa, na cheti chako halisi wanakaa nacho. Kompyuta yenyewe wengi hawajaigusa. Yeye anauza chai na mandazi, anasoma kitabu kinachomwambia abonyeze kitufe ambacho hana. Ameomba kujiondoa tangu Februari. Wako wengi. Kila wakimwendea wakala anawaambia karatasi zimekwisha, zitaletwa.

Nikamuuliza wakala huyo ni nani.

"Mwalimu Ekwam. Mrefu. Pikipiki nyekundu. Si mtu mbaya," akasema, "anasalimia vizuri."

Nikamwambia ni ndugu yangu. Akamvuta mtoto karibu, nadhani aliogopa kwamba ameharibu. Nikamtengenezea uji. Walilala kwangu siku mbili, chini ya mabati uliyoyaleta.

Sasa naelewa ulijuaje kwamba mkataba wangu unaisha Aprili. Mimi sikukuandikia ni mwezi gani.

Mama sijamwambia kitu na sitamwambia. Sina maneno mengi ya kukuandikia. Nataka Karatasi ya Kujiondoa yangu, ya Adut, na ya kila mtu aliyekuomba. Usinitumie tena sukari.

Nakeno


Lodwar
28 Desemba 1998

Ekwam,

Krismasi imepita. Mama alikuwekea nyama, na jana ameigawa. Nilimwambia barabara ina majambazi na magari yanangoja msafara wa polisi, ndiyo maana hukuja. Nimekudanganyia mara hii tu.

Kama ni mgonjwa, sema. Kama umekasirika, sema. Ukiona haya, hilo pia sema. Huku kunyamaza ndiko nisikoweza kukujibu.

Nakeno


Kitale
23 Januari 1999

Dada,

Nakuandikia kutoka Kitale, kwenye ua wa hoteli moja ya chai. Nangoja lori la kunirudisha. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza barua iligeuka kuwa ya kujitetea, nikaichana. Nimeona nifanye kwanza, ndipo niandike.

Nilikuwa wakala tangu Oktoba ya mwaka juzi. Yule kijana aliyekuja kwako, mimi ndiye niliyempa jina lako. Nilidhani nakupa kitu kizuri. Ulipoandika mara ya kwanza unataka kutoka, nilikwenda kuulizia kwa ajili yako, kweli nilikwenda, mpaka nikaongea nao kwa redio ya misheni. Wakaniambia kila mteja anayejiondoa nitamlipia mimi miezi yake iliyobaki. Nikasema basi mimi mwenyewe naacha uwakala. Wakasema mkataba wangu una kifungu: wakala akiacha, anawalipia wateja wake wote. Nilikuwa nimekitia sahihi bila kukisoma, kama wewe, kama Adut. Kwa hiyo karatasi nilikuwa nazo, dada, zimejaa chini ya kitanda, na nikawa nasema zimekwisha. Pikipiki ilikuwa yao. Mabati nililipia kwa kamisheni.

Barua yako ya Novemba niliisoma nimesimama. Baada ya Krismasi nikaanza kupita kwenye nyumba za watu kambini, mmoja mmoja. Nilisema, nimekuja na karatasi mliyoitaka. Wengine walinifurahia, hilo ndilo lililokuwa gumu. Mzee Bichiok hakufurahi. Alitia sahihi, akaniuliza, "Mwalimu, hizi zilikuwa wapi?" Nikamwambia zilipokuwa. Aliingia ndani.

Yako niliijaza mwenyewe nikatia jina lako, nisamehe kwa hilo. Nikazichukua zote hadi Nairobi.

Ofisi yao iko ghorofa ya tatu. Msichana wa mapokezi akazipekua.

"Hizi ni za zamani. Siku hizi tunatumia za buluu."

"Nipe za buluu."

"Zinatolewa na wakala."

"Wakala ndiye mimi."

"Basi unazo," akasema, akapokea simu.

Nilimwangalia, dada, na sikuona kama ananidhihaki. Alikuwa anasema alichofundishwa. Nikaenda kukaa kwenye benchi la wageni. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa nimechoka tu.

Akaingia mama mmoja mwenye duka la nguo, anataka kununua programu. Akakaa karibu nami akisubiri. Nikamsalimia. Nikamwambia, "Mama, kabla hujatia sahihi, waulize ukitaka kuacha unaachaje." Akaenda akauliza, kwa sauti, kama wanavyouliza watu wa sokoni. Msichana akasema hilo litaelezwa baadaye. "Nieleze sasa," mama akasema. Mama akachukua mkoba wake akashuka ngazi.

Akaja mwalimu mkuu wa shule moja ya Machakos. Nikamwambia hayo hayo. Yeye alikaa nami muda mrefu, akataka kujua kila kitu, nikamsimulia mtihani wa darasa la nane. Naye akaondoka. Meneja akatoka ofisini.

"Bwana, hapa si mahali pa mahubiri."

"Sijahubiri. Ninauliza tu."

"Unauliza nini?"

"Anayetaka kutoka anatokaje."

Aliniitia askari, nikatolewa. Kesho yake nilirudi, nikasimama ngazini, maana ngazi ni za jengo zima, hakuwa na la kufanya. Watu wakipanda nawasalimia na kuwauliza wanakwenda wapi. Ilipofika saa za chakula cha mchana meneja alinijia mwenyewe. Akauliza nataka nini ili niende. Nikampa zile karatasi. Alizipiga muhuri zote palepale kwenye ukuta wa ngazi, moja baada ya nyingine, hata hakuzisoma. Za buluu hazikutajwa tena. Akaniletea bahasha ya vyeti.

Karatasi yangu mwenyewe, ya kuacha uwakala, hakuipiga. Alisema pikipiki wanaichukua, kamisheni iliyobaki inakatwa, na nikifungua mdomo watanipeleka kortini. Nikamwambia korti iko Lodwar, wanajua njia.

Nimekuja kuhesabu vyeti njiani, ndani ya basi, nikaona cha Chuol hakimo. Ni yule kijana kutoka Nasir, Sudan, niliyekuandikia habari zake zamani, aliyekuwa mwanafunzi wangu bora. Nakala nyingine haipo popote. Na shule iliyokitoa ilichomwa vitani. Sijui nitamwambia nini.

Kazi ya kituo nayo sina hakika kama ipo. Niliondoka bila ruhusa.

Karatasi yako iko humu ndani, na muhuri wake. Mwambie Mama mwili wangu ni mzima.

Ekwam


Lodwar
2 Machi 1999

Ndugu yangu Ekwam,

Ejok. Tuko salama. Mama anatembea kwa fimbo sasa, na anasema fimbo ni ya kufukuzia mbuzi, si ya goti. Nilimsomea barua yako ya Kitale, yote. Nilikuwa nimesema sitamwambia, lakini alinikuta nikilia juu yake akafikiri umekufa. Ilibidi ajue uko hai na umefanya nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza ulikula nini siku zile mbili za Nairobi.

Adut amepita hapa na mwanawe, amemrudisha hospitali kuangaliwa ule mkono. Alinionyesha cheti chake. Kimekunjika katikati na maji yaliingia pembeni, lakini jina linasomeka. Amepata nafasi ya kufundisha watoto wadogo kambini, walihitaji kuona karatasi hiyo. Alisema pia kwamba ulikwenda kwa Chuol siku ya kwanza ulipofika, kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote, na kwamba alikufungia mlango, na kwamba unakwenda tena kila Jumapili. Usiache kwenda. Lakini usimtake akufungulie haraka.

Karani Mwepesi imetoka. Niliifuta mwenyewe, na yule mtu mwenye tai pamoja na droo yake. Kazi zangu zote zilizokuwa ndani zimekwenda naye: barua za watu, kumbukumbu za mikutano ya akina mama wa vikapu, wimbo aliouandika marehemu mume wangu ambao nilikuwa nimeuchapa vizuri. Nimekubali. Padri amenipa programu ya zamani, haina mapambo, inaandika. Mwalimu Epuyo ameniletea mtihani wa shule yake peke yake. Tarafa bado.

Wiki iliyopita alikuja kijana mwingine na mkoba. Huyu anauza bima ya mashine. Aliongea vizuri, nikampa chai. Alipomaliza nikamuuliza, "Nikichoka na wewe, nafanyaje?" Akacheka. Nikangoja. Akasema mama, hata hatujaanza na tayari unafikiria kuachana? Nikamwambia amalize chai yake.

Nimesikia kituo kimempa mtu mwingine nafasi yako. Kwa hiyo nasema hivi. Kuna vijana hapa mjini wanataka kujifunza kuchapa, na kila wiki wananiuliza. Mimi nikikosewa mara mbili napandisha sauti, unanijua. Wewe una subira. Chumba cha nyuma kina dirisha, nimekipaka chokaa. Njoo uwafundishe. Hakuna karatasi ya kutia sahihi. Siku utakapochoka, utaniambia, "Nakeno, nimechoka," nami nitakupikia cha njiani.

Dada yako,
Nakeno